MADENI MAWILI YA DAMU

Mtu akiuawa bila haki, madeni mawili huzaliwa siku ile ile. La kwanza ni la nchi nzima: mwuaji ashikwe, ahukumiwe. La pili ni la nyumba moja: mjane, watoto, na wazazi waliokula kwa jasho la marehemu. Deni la kwanza hutangazwa redioni. Deni la pili hukaa kimya jikoni, penye sufuria tupu. Leo twataka kusema juu ya hilo la pili.

Wananchi wa Goma hawajasahau tarehe 30 Agosti 2023. Siku ile askari wa Walinzi wa Jamhuri waliwapiga risasi watu wa dhehebu moja waliokuwa wamejiandaa kuandamana dhidi ya MONUSCO. Serikali ilitangaza kwanza maiti 43. Baadaye hesabu ikapita 50. Tarehe 2 Oktoba mwaka ule ule, mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kaskazini ilimhukumu Kanali Mike Mikombe adhabu ya kifo, na askari watatu miaka 10 gerezani; wawili wakaachiliwa. Kwa nchi yetu hilo si jambo dogo. Lakini hukumu ya kifo hailipi kodi ya nyumba, wala haimrudishi darasani mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa fedha ya masomo.

Wako wanaosema: damu haiuzwi, na mwenye kudai fidia anakula maiti ya ndugu yake. Twaheshimu uchungu wao, lakini twawajibu: sivyo. Fidia si bei ya mtu. Ni chakula, malazi na masomo ambayo marehemu angaliyaleta nyumbani kama angaliachwa hai. Wazee wetu walilijua jambo hili. Katika mila za makabila mengi, aliyemwaga damu hakupona kwa kuadhibiwa tu. Ukoo wake uliketi na ukoo wa marehemu, ukalipa.

Sheria iliyoandikwa yasema vivyo hivyo. Tangu mwaka 1888, siku za Leopold II, kifungu cha 258 cha sheria ya madaraka ya raia kinaagiza kwamba anayemtia mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima ailipe. Kifungu cha 260 chaongeza kwamba mwenye kumtuma mtu kazi hujibu kwa hasara anayoifanya mtu huyo kazini. Wakoloni hawakuwa na haraka ya kuwasomea wazee wetu maneno hayo. Sisi tuliofundishwa kusoma hatuna udhuru.

Maana yake ni nini? Ni kwamba deni halimalizikii katika mfuko wa askari mfungwa asiye na kitu. Serikali iliyompa bunduki na mshahara yaweza kuitwa mbele ya hakimu. Kampuni nayo ni hivyo hivyo. Sisi tunaoshika kalamu katika ofisi za machimbo twajua: gari likipinduka, karatasi za hasara hujazwa kabla ya jioni. Mchimbaji akifukiwa na udongo, jina lake hufutwa katika orodha ya posho, na mjane wake huambiwa arudi juma lijalo.

Tutazame wenzetu waliodai. Mwezi wa Oktoba 2004, huko Kilwa katika Katanga, jeshi liliua watu zaidi ya 70, likitumia magari ya kampuni ya madini, Anvil Mining. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ya Lubumbashi iliwaachilia washtakiwa kwa mambo ya Kilwa. Familia zikapeleka shauri Kanada; mwaka 2012 milango ikafungwa huko pia. Hawakuchoka. Mwaka 2017 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: Kongo iwalipe dola milioni 2.5 watu 8 waliotajwa katika shauri, na iwatafute wengine iwalipe pia. Tazameni vema: waliokuwa na majina katika karatasi walipewa hesabu yao, wasioandikwa waliambiwa watatafutwa.

Somo la pili latoka The Hague. Kongo iliidai Uganda fidia ya vita, ikasema raia waliokufa ni 180,000. Mahakama ya Kimataifa iliona ushahidi hautoshi; ikakadiria vifo 10,000 hadi 15,000. Tarehe 9 Februari 2022 iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na katika hizo milioni 225 ni kwa madhara ya watu. Wafu wangapi walikosa kuhesabiwa kwa sababu hakuna aliyewaandika? Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na damu je?

Tena kulipwa kwa Serikali si kulipwa kwa mjane. Uganda ilianza kutoa fedha mwaka 2022. Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu kwa shauri la dola milioni 19 zilizotoka katika fedha hizo za fidia. Kwa hiyo twadai: orodha za wanaostahili zibandikwe hadharani, na fidia itiwe mkononi mwa familia yenyewe.

Wengine watatuuliza: tutadai wapi, wakati kazi ya mahakama za Serikali ilikatika hapa mjini M23 walipoutwaa mwezi wa Januari 2025? Twajibu: daftari halimngojei hakimu. Kila familia iandike sasa jina kamili la marehemu, siku, mahali, na majina ya walioona. Itafute cheti cha kifo, karatasi ya hospitali, karatasi ya ndoa na za kuzaliwa kwa watoto. Nakala moja ibaki nyumbani, nyingine iende kwa ndugu aliye mji mwingine. Familia za msiba mmoja zishikamane, zichague avoka mmoja, maana mjane peke yake huchoka upesi. Wala mtu asitie kidole kwenye karatasi ambayo hakusomewa katika lugha yake.

Vijana mliosoma, kazi hii ni yenu. Jioni moja na kalamu moja vyatosha kwa nyumba moja. Ingieni mitaani, Majengo, Ndosho, Katoyi, mkawaandikie wasiojua kuandika. Wenye madaraka hubadilika, hakimu huhamishwa, askari husahau. Jina lililoandikwa hungoja siku yake.