SUFURIA YETU HAITAKI MWALIMU, YATAKA MSHAHARA



Mwezi uliopita kampuni moja ya hapa Nairobi, katika sehemu ya viwanda, iliwaita wafanyikazi wake siku ya Jumamosi baada ya kazi. Waliambiwa waje na wake zao au waume zao, kuna mafunzo. Wengi walidhani ni habari ya nyongeza, maana barua yetu ya kuomba mazungumzo ya mkataba mpya ilikuwa imelala juu ya meza ya meneja kwa majuma mengi bila jibu. Kumbe mafunzo yenyewe yalikuwa juu ya kupika. Kila mtu alipewa soda moja na mandazi mawili, pamoja na karatasi iliyopigwa chapa kwa rangi, safi kuliko gazeti letu hili ambalo wino wake hushika upande mmoja tu, yenye kichwa cha maneno kuhusu namna ya kulisha jamaa kwa fedha kidogo.

Karatasi hiyo tunayo. Hatungejisumbua kuijibu kama siku chache baadaye jibu la barua yetu lisingekuja, nalo likasema kwamba habari ya gharama ya maisha kampuni imekwisha kuishughulikia kwa njia ya elimu. Yaani tuliomba nyongeza tukapewa mapishi.

Basi tuitazame elimu hiyo. Karatasi yasema mnunue vitu kwa jumla, kwa kuwa ni rahisi. Yasema mpike maharagwe mengi mara moja, myagawe, myaweke katika friji. Yasema msinunue chakula cha barabarani. Yasema kila shilingi iandikwe katika daftari. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa, wametuandikia kwamba haba na haba hujaza kibaba.

Habari ya friji tunaiacha, msomaji atacheka mwenyewe. Lakini hili la kununua kwa jumla tunalijibu. Ni nani kati yetu asiyejua kwamba gunia ni rahisi kuliko gorogoro? Hata mtoto wa darasa la pili anayetumwa dukani ajua. Mama anayenunua mafuta ya kupimiwa ya shilingi 20, na majani ya chai ya kutosha birika moja, na robo ya sukari, ajua vizuri kwamba akivijumlisha vipimo hivyo mwisho wa mwezi atakuwa amelipa zaidi ya jirani aliyenunua mtungi mzima. Hanunui hivyo kwa ujinga. Ananunua hivyo kwa kuwa shilingi hizo ndizo alizo nazo saa moja ya jioni, na watoto wamesimama mlangoni. Kununua gunia kwataka mtu awe na bei ya gunia mkononi siku moja, kisha awe na mahali pa kuliweka ambapo panya hafiki wala maji ya mvua hayaingii. Chumba cha futi 10 kwa 10 chenye kitanda, jiko, watoto wanne na baisikeli hakina ghala.

Hapo ndipo methali yao inapowageuka. Haba na haba ya mtu mwenye mshahara mdogo haijazi kibaba chake, inajaza kibaba cha muuzaji. Anayelipwa kidogo hununua kidogo kidogo, na anayenunua kidogo kidogo hulipa bei ya juu kuliko wote. Wala hatusemi hivi kumlaumu mwenye duka wa mtaani. Tarehe 20 ya mwezi, yeye ndiye anayetuandika katika daftari lake na kutupa unga wa mkopo. Kampuni haijatupa unga wa mkopo hata siku moja, na bado yataka kutufundisha habari za daftari!

Sasa na sisi tumfundishe mwalimu wa Jumamosi mambo machache ambayo hakuyaandika. Katika mafunzo yale alikuwapo mama mmoja, mke wa mwanachama wetu wa idara ya ghala. Alikaa kimya mpaka mwisho, akachukua mandazi yake, akaja kwetu ofisini kutusimulia jinsi anavyopika, nasi tukaandika. Maharagwe huyalaza majini usiku kucha. Asubuhi humwaga maji yale, huyachemsha mpaka yaanze kulainika, kisha huiondoa sufuria jikoni pamoja na mfuniko wake na kuitia ndani ya kikapu kilichojazwa vipande vya blanketi kuukuu, nayo huendelea kuiva yenyewe bila moto. Hivyo mkebe mmoja wa makaa hufanya kazi ya mikebe miwili. Jiko lake ni lile la bati lenye udongo ndani, lililoanza kuenea katika nchi hii miaka ya 1980, naye hulipaka udongo tena kila linapopasuka. Mahindi husaga yeye mwenyewe kinuni bila kukobolewa, kwa kuwa unga mweupe wa pakiti haukai tumboni. Siku ya kwanza githeri huliwa na chumvi na kitunguu, siku ya pili hukaangwa na nyanya na sukuma. Omena huikausha kwanza katika sufuria tupu ndipo atie mafuta, maana omena mbichi hunywa mafuta kama taa. Sukuma huikata nyembamba kabisa, na kiporo cha ugali huwa ni chakula cha asubuhi pamoja na chai ya rangi.

Alipomaliza tulimwuliza kama kuna jambo lolote alilojifunza siku ile. Alisema amejifunza kwamba meneja wetu hajui bei ya makaa.

Jina lenyewe la sukuma wiki ni hesabu. Ni mboga ya kulisukuma juma mpaka siku ya mshahara, na watu wa kazi ndio walioipa jina hilo. Ni mwalimu gani atakayewafundisha bajeti watu waliotia bajeti ndani ya jina la mboga?

Na hicho chakula cha barabarani wanachokikataza, tukitazame vilevile. Wanachama wetu wengi ni akina mama ambao hutoka kwenye mashine saa kumi na moja, na kwa kuwa nauli ya jioni hupanda watu wanapokuwa wengi, hutembea kwa miguu mpaka Mukuru au mbali zaidi. Akifika ni saa moja. Maharagwe makavu hayangoji saa moja ya usiku kuanza kuchemshwa, labda watoto wale saa nne. Kwa hiyo hununua maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa kwa yule mama wa kando ya njia mwenye pipa. Mama yule kwa moto mmoja huchemshia nyumba hamsini. Je, huko si kupika kwa jumla? Ndiyo elimu yao yenyewe, ila imekaa chini ya mwavuli uliotoboka na askari wa mji huja kuimwaga.

Tumesema jambo hili ni la mshahara, na si jambo jipya. Katika siku za ukoloni mwajiri alimhesabu mfanyikazi kama mtu peke yake asiye na mke wala mtoto. Alimpa mshahara wa mtu mmoja, nafasi ya kitanda kimoja na posho ya tumbo moja. Bibi yake na watoto, ilidhaniwa, wataishi kwa shamba huko nyumbani. Hivyo shamba la mwanamke lilikuwa likimlipia mwajiri deni lake bila yeye kusema asante. Wafanyikazi wa Mombasa waliikataa hesabu hiyo kwa mgomo wao wa Januari 1947, na watu wa bandari wakagoma tena mwaka 1955. Hata kamati ya serikali ya wakoloni iliyoongozwa na Bwana Carpenter ilikiri mwaka 1954 kwamba karibu nusu ya wafanyikazi wa mijini katika kampuni za watu binafsi walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya afya na heshima, na kwamba mshahara yafaa uhesabiwe kwa mtu mwenye jamaa. Kamati ile hatukuwa na sababu ya kuipenda, lakini haikusema bibi zetu wafundishwe kupika. Ilisema mshahara ni mdogo.

Je, hesabu ya kitanda kimoja imekufa? Mei 2022 mshahara wa chini wa kibarua wa kawaida katika miji mikubwa uliwekwa kuwa shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Mwaka huohuo pakiti ya unga ya kilo 2 ilipita shilingi 200, mpaka serikali ikaishusha kwa majuma machache ikawa shilingi 100, na uchaguzi wa Agosti ulipopita ikapanda tena. Jamaa ya watu sita wenye kula ugali haiwezi kwenda na pakiti hiyo zaidi ya siku moja na nusu. Hizo ni pakiti 20 kwa mwezi, shilingi 4,000 na zaidi, yaani zaidi ya robo ya mshahara ule kwa ugali mtupu, kabla hujanunua mboga, wala mafuta, wala makaa ya kuupikia. Novemba 2024 kiwango kiliongezwa kikafika shilingi 16,113 na senti 75. Lakini kufikia mwaka 2025, katika kila shilingi 100 za mtu huyo, 6 zilikwenda NSSF, 2 na senti 75 bima ya afya, na 1 na senti 50 ada ya nyumba. Nyongeza ilikuwa ya sita kwa mia, na makato ni kumi na robo. Mwenye daftari na aandike hayo.

Na sisi tusijifanye malaika. Kuna wanachama wetu ambao bibi zao hawajaiona karatasi ya mshahara tangu siku ya arusi. Kuna wanaopitia baa tarehe 30, wakafika nyumbani tarehe 1. Na sasa kuna ugonjwa huu wa kamari ya simu, ambapo unga wa juma zima huliwa kwa dakika 90 na vijana wanaocheza mpira Uingereza, nao wamekwisha kushiba. Mtu wa namna hiyo asisimame katika mkutano kupigia kelele mwajiri, aanze kwanza kuomba radhi nyumbani kwake. Chama nacho kina lake: katika mkutano mkuu uliopita wajumbe walilishwa kuku hotelini kwa fedha za ada zetu. Mweka hazina hatapenda tulitaje hili, lakini limetajwa. Hayo ni mambo ya kuambiana sisi kwa sisi. Mwajiri hawezi kuyafanya sababu ya kukataa mazungumzo, kwa kuwa hata yule asiyekunywa, asiyecheza kamari na anayeleta kila senti nyumbani, naye jikoni mwake sufuria hukauka tarehe 18.

Sasa tunataka nini? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 33, yasema kwamba pale mwajiri alipokubaliana waziwazi na mfanyikazi kumpa chakula, ni lazima amlishe vizuri kwa gharama yake mwenyewe, na ampe vyombo vya kutosha vya kupikia. Kifungu hicho hulala kwa sababu ya yale maneno ya kukubaliana waziwazi. Sisi tunataka yaandikwe katika mkataba mpya: chakula kimoja cha moto saa sita mchana kwa kila mtu wa zamu, githeri au ugali na maharagwe, hatuombi kuku. Mama aliyekula mchana haigawi sahani yake usiku, na mtoto hupata kijiko kimoja zaidi.

Tunataka tena mshahara utoke kabla mwezi haujaisha. Kila siku ya kuchelewa ni ukurasa mmoja katika daftari la duka, na kuna waliokopa kwa simu ili kungoja mshahara wao wenyewe, wakalipa riba kwa fedha ambayo wamekwisha kuifanyia kazi.

Na ikiwa kampuni yapenda sana kununua kwa jumla, basi na itoe lori lake mara moja kwa mwezi lilete mahindi na maharagwe mpaka getini kwa bei ya huko yalikonunuliwa. Lakini kupima na kuuza kuwe mikononi mwa kamati ya wafanyikazi, na mtu alipe kwa hiari yake. Tunasema hivyo kwa makusudi. Mtu asije akaligeuza neno hili kuwa duka la kampuni, ambapo mshahara hutoka dirisha moja ukarudi kwa dirisha la pili, wala tusipewe mahindi mahali pa nyongeza. Katiba ya 2010 yataja haki ya malipo ya haki katika kifungu cha 41 na haki ya kutokuwa na njaa katika kifungu cha 43. Vifungu ni viwili, na kimoja si badala ya kingine.

Mkutano wa matawi yote utakuwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, katika uwanja wa kawaida. Kila mwanachama alete karatasi yake ya mshahara na daftari la duka anakokopa. Tutayajumlisha yote mbele ya watu, na hesabu hiyo ndiyo tutakayoiweka mezani kwa meneja. Bibi na mabwana wa wanachama waje, wao ndio mashahidi. Mwalimu wa Jumamosi amealikwa pia. Akija atapewa gorogoro moja ya maharagwe, mkebe mmoja wa makaa na watu sita wa kulisha.

Ni saa tatu na nusu ya asubuhi, si saa tano.