"Mambo ya Wahispania" Yanatuhusu Nini?



Katika kikao chetu cha mwisho, kilichofanyika kama kawaida kwenye chumba cha nyuma cha duka moja hapa Grant Street, Buffalo, ililetwa barua ya majirani zetu wa Puerto Rico. Walituomba tuwe nao Septemba 23 kuadhimisha Lares, uasi wa 1868 dhidi ya utawala wa Hispania. Hawakuomba fedha. Waliomba ngoma na watu wachache wa kuzipiga. Ajenda hiyo ilikufa kwa dakika mbili! Mzee wetu mmoja, ambaye tunamheshimu na tutaendelea kumheshimu, aliuliza: "Mambo ya Wahispania yanatuhusu nini?" Watu wakacheka, tukahamia kwenye michango ya msiba.

Sisi tulionyamaza siku ile tunajibu leo.

Kuwaita majirani hawa Wahispania ni sawa na sisi kuitwa Wabelgiji. Aliyepanga uasi wa Lares, daktari Ramón Emeterio Betances, alikuwa na damu ya Kiafrika. Yeye na wenzake walikuwa wakitoa fedha zao kununua uhuru wa watoto wachanga wa watumwa siku ya kubatizwa. Uasi ulipolipuka alikuwa uhamishoni, na ulizimwa upesi. Utumwa kisiwani ulifutwa 1873. Mwaka 1898 Hispania ikaondoka, Marekani ikaingia, na mpaka leo Puerto Rico si nchi huru. Watu wake ni raia wa Marekani tangu 1917, lakini anayeishi kisiwani hampigii kura rais. Sisi tuliokaa Nyarugusu miaka na miaka tukihesabiwa bila kuulizwa, hilo nalo tunahitaji kufasiriwa?

Mtoto wa mmoja wetu alirudi na kazi ya shule juu ya Simón Bolívar. Picha ilikuwepo, farasi, upanga, kila kitu. Haiti haikutajwa hata kwa sentensi moja. Ukweli ni kwamba mwishoni mwa 1815 Bolívar alifika Haiti akiwa ameshindwa, hana jeshi. Rais Alexandre Pétion, kiongozi wa taifa la watu waliovunja minyororo yao wenyewe, akampa silaha na vifaa, kwa sharti moja: awaachie huru watumwa. Juni 1816, akiwa Carúpano, Bolívar alitangaza uhuru, lakini kwa wale watakaoshika bunduki. Watu weusi wakashika bunduki. Venezuela ilifuta utumwa lini? 1854! Bolívar alikuwa amelala kaburini miaka ishirini na zaidi. Na mkutano wa Panama wa 1826, wa nchi zilizojikomboa, Haiti haikualikwa. Mtu anakukopesha jembe, ukivuna humwiti hata kwenye uji.

Hapa wapo watakaosema: basi, kama walitutupa, tukapige ngoma ya nini? Hoja hiyo tumeisikia, na ina uzito. Cuba nayo ni hivyo hivyo. Jenerali Antonio Maceo, mtu mweusi, alikataa mwaka 1878 amani isiyofuta utumwa, akafa vitani Desemba 1896. Mwaka 1912, katika jamhuri aliyoifia, maelfu ya watu weusi waliuawa na jeshi baada ya chama chao kudai haki waliyoahidiwa. Mexico, Vicente Guerrero, mwenye asili ya Kiafrika, alifuta utumwa Septemba 1829 akiwa rais. Februari 1831 alipigwa risasi na Wamexico wenzake. Lakini sisi tunasema sababu ya kwenda ni hiyo hiyo. Mdai hakai nyumbani siku ya hesabu.

Tena tusijifanye wasafi. Koloni la Hispania lililokuwa barani kwetu, Guinea ya Ikweta, lilipata uhuru Oktoba 12, 1968, likaangukia kwa Macías Nguema, aliyewaua na kuwakimbiza watu wake mpaka mpwa wake alipompindua 1979. Mpwa huyo yuko madarakani hadi leo. Sahara Magharibi bado inasubiri. Sisi tunaotundika picha za wakombozi sebuleni tunajua vizuri mkombozi anavyoweza kugeuka.

Limebaki la Mzee. Mzee wetu ni mtu wa Fizi. Aprili 1965 Che Guevara, mzaliwa wa Argentina, alipita Dar es Salaam na Kigoma, akavuka Ziwa Tanganyika, akashukia Kibamba, huko huko Fizi. Walimfuata Wacuba zaidi ya 100, wengi wao weusi, watu wa damu ya Maceo. Majina yao ya vita waliyachukua katika lugha yetu, kwa kuhesabu: Víctor Dreke akawa Moja, mwingine Mbili, Che mwenyewe akawa Tatu. Wanne walikufa Bendera mwezi Juni. Novemba wakaondoka wameshindwa, na Tatu aliandika kushindwa huko bila kujificha. Hatusemi walikuja na baraka; waliokuwa vijijini ndio wajuao vita ile iliwaachia nini. Lakini vijana wetu wanapita Grant Street wamevaa fulana yenye uso wake, na hawajui kwamba alilala kwenye milima ya babu zao akiitwa kwa Kiswahili. Mzee, kwa umri wako, mwaka ule ulikuwa mtoto wa kutumwa maji. Uliona nini? Mbona hujawahi kutusimulia?

Tumeomba ajenda irudishwe kikao kijacho. Ngoma mbili ziko kwa mmoja wetu, ya tatu inahitaji kuwambwa upya. Mwenye gari kubwa ajitokeze mapema, maana Septemba 23 haiko mbali. Na Mzee tumemwandalia kiti cha mbele.