Tuache kudanganya watoto juu ya majina ya Wajapani

Munisamehe nikianza na ugomvi wa kalasi. Mwanafunzi wangu mmoja alifuta jina lake juu ya kaye, akaandika "Akira". Nikamuuliza: "Juu ya nini Akira? Wewe si Kambale?" Akajibu: "Mwalimu, Kambale haina maana, ni namba tu. Akira ni jina ya Kijapani, maana yake mwangaza." Wenzake wakapiga makofi. Maana hiyo aliitoa katika orodha ya telefone: huku jina, huku maana, neno moja moja, kama bei ya chumvi na sabuni.

Nasema wazi: orodha hizo zinadanganya. Na sisi wakubwa tunaozisambaza, hata waalimu, tunapoteza watoto mara mbili. Hawajui Wajapani, na wanaanza kudharau majina ya kwao.

Tuwasikilize Wajapani wenyewe. Mjapani anataja kwanza jina la jamaa, halafu lile alilopewa na wazazi. Hilo la pili mara nyingi linaandikwa kwa kanji, alama zilizotoka China, na kila alama ina maana yake. Lakini sauti moja inaweza kuandikwa kwa alama mbalimbali. Tuchukue Yoko. Ukiandika alama ya bahari kuu na ya mtoto, ni mtoto wa bahari. Ndivyo linavyoandikwa jina la Ono Yoko, mjane wa John Lennon. Ukitia alama ya jua pahali pa bahari, ni mtoto wa jua. Ukitia ya jani, ni mtoto wa jani. Masikio yanasikia Yoko tu, mara zote tatu. Na Akira vilevile: Kurosawa, yule mtengenezaji wa filamu, anaandikwa kwa alama ya mwangaza, lakini Akira mwingine anaandikwa kwa alama ya jiwe linalong'aa kama kioo. Sasa mtoto wetu ni Akira gani? Hajui, kwa sababu hakuna mtu aliyemwandikia.

Kuna jambo kubwa zaidi. Serikali ya Japani ina buku la jamaa linaloitwa koseki. Kwa miaka mingi koseki iliandika alama za jina, haikuandika jinsi ya kulitamka. Sheria ya kuandika matamshi imeanza tarehe 26 Mei 2025 tu! Na sisi tunashika sauti peke yake, tunasema tumepata maana.

Wengine watajibu: "Lakini mwalimu, kuna majina rahisi, kama Ichiro. Ni mwana wa kwanza, Jiro wa pili, Saburo wa tatu." Ni kweli, desturi hiyo iko. Kumbe Wajapani nao wanaita watoto kwa namba, sawa Wanande wanavyoita Kambale mwana wa pili na Kasereka wa tatu! Lakini hata hapo orodha inateleza. Suzuki Ichiro, mchezaji wa besiboli anayejulikana dunia nzima, ni mwana wa pili. Alama ya mwisho ya jina lake si ile ya "mwana", ni ya uchangamfu.

Na majina ya utani je? Huko maana ya alama inawekwa kando kabisa. Wanakata jina, wanaongeza -chan: Yoko anakuwa Yo-chan. Neno hilo dogo linaonyesha upendo na mazoea. Ukimwita hivyo mkubwa usiyemzoea, umemkosea heshima. Orodha haikuambii hayo.

Tena, hata ukijua alama, bado hujamaliza. Toyotomi Hideyoshi, mtawala mkubwa wa Japani, alipata mwana mwaka 1589, akamwita Sute, ni kusema "kutupwa". Orodha itasema: baba mbaya. Hapana! Watu waliamini mtoto aliyetupwa na kuokotwa atakuwa na nguvu ya kuishi. Mtoto yule akafa mwaka 1591. Aliyefuata, mwaka 1593, akaitwa Hiroi, "kuokotwa". Maana ya majina hayo ni woga wa baba mbele ya kifo. Nani kati yetu hajui akina Shida na Mateso, na machozi yaliyo nyuma ya majina yao?

Na hii si mchezo wa kalasi. Miaka ya 1970 Wajapani walichimba shaba kule Musoshi, Katanga. Baadhi yao walizaa na wanawake wa kwetu, wako watoto waliopewa majina ya Kijapani, kisha baba wakarudi kwao. Watoto wale leo ni watu wazima. Aliyebakiwa na sauti tu, bila alama, orodha gani itamwambia baba alitaka kusema nini? Hakuna. Anajua baba, ao yule aliyesikia kwa baba.

Kwa hiyo nilimpa Kambale kazi ya nyumbani: aulize habari ya jina lake. Kesho yake alikuja pole pole. "Mwalimu, nyumbani mimi ndiye mkubwa. Sikuulizaka juu ya nini wananiita wa pili. Mama anasema kulikuwa Paluku mbele yangu. Alikufa kabla sijazaliwa."

Ile "namba tu" ilikuwa inamlindia kaka yake nafasi.

Wazazi, mukimpa mtoto jina, likiwa la kwetu, la Biblia ao la Kijapani, andikeni katika kaye ya jamaa nani alilitoa na juu ya nini. Nanyi vijana, kabla ya kufuta jina, ulizeni mama angali hai. Telefone haikuwako siku ile mulipozaliwa.