Kocha wa -Nge- na Shabiki wa -Ngali-

Mwaka wa 2021 timu ya taifa ya Kenya ya mpira wa kikapu kwa wanaume iliwapa mashabiki wake somo ambalo, kwa maoni yangu, hawajalisoma hadi mwisho. Mnamo Februari mwaka huo, mjini Yaoundé nchini Kameruni, timu hiyo iliilaza Angola, iliyokuwa bingwa wa Afrika mara 11, kwa alama 74 kwa 73. Mpira wa mwisho uliorushwa na Tylor Ongwae ulitumbukia kikapuni wakati mchezo ulipokuwa ukitamatika. Kenya ikafuzu kushiriki mashindano ya AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa 1993, yalipoandaliwa Nairobi na timu yetu ikamaliza katika nafasi ya nne. Miezi michache baadaye, jijini Kigali, timu iyo hiyo chini ya kocha yuyo huyo, Liz Mills wa Australia, ilishindwa na Sudan Kusini kwa alama 58 kwa 60 katika mechi ya kuwania nafasi ya kuingia robo fainali.

Ushindi wa alama moja, kisha ushinde wa alama mbili. Tofauti baina ya shangwe na lawama ilikuwa alama tatu tu. Hata hivyo, baada ya Yaoundé kocha alikuwa mwerevu asiye na mfano. Baada ya Kigali kila kibanda cha chai kikapata kocha wake, na kila kocha wa kibandani akajua fika ni nani angalichezeshwa, ni nani angaliketishwa na ni lini mchezo ungalisimamishwa ili wachezaji washauriwe.

Makala haya hayana nia ya kumtetea kocha wala ya kuwanyamazisha mashabiki. Nia yangu ni kudai kwamba mjadala wa mashabiki ni aina ya uhakiki, na maadamu ni uhakiki, una kanuni zake. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna zana za kuzieleza kanuni hizo kuliko tunavyodhani. Zana ya kwanza imo katika sarufi yenyewe.

Kila aliyepitia darasa la sarufi anakumbuka kwamba -nge- na -ngali- ni viambishi vya masharti, lakini havitumiki kwa namna moja. Kiambishi -nge- huacha mlango wazi: jambo halijatendeka, ila lingeweza kutendeka. Kiambishi -ngali- huufunga mlango huo kwa komeo: wakati umepita, na linalosemwa haliwezekani tena. Walimu wetu hutuonya tusivichanganye viwili hivi katika sentensi moja. Onyo hilo, naona, linafaa uwanjani kama linavyofaa kwenye insha. Kocha huamua akiwa katika ulimwengu wa -nge-. Shabiki huhukumu akiwa katika ulimwengu wa -ngali-. Kosa kuu la mijadala yetu ni kuvichanganya: uamuzi uliofanywa kwa ujuzi wa -nge- unapimwa kwa ujuzi wa -ngali-, kana kwamba kocha alikuwa ameshayaona matokeo kabla ya kuamua.

Tutazame mfano ambao hujadiliwa popote mchezo huu unapochezwa. Timu inaongoza kwa alama 3 na zimesalia sekunde chache. Je, wachezaji wamtendee mpinzani madhambi makusudi, ili apewe mirusho huru miwili tu isiyotosha kusawazisha? Au walinde kwa makini na kumwachia arushe kutoka mbali, kwa kuwa mirusho ya mbali ni migumu? Wapo makocha wa kutajika wanaoshika njia ya kwanza, na wapo wanaoshika ya pili. Njia ya kwanza ina hatari ya madhambi kutendwa wakati mpinzani ameshaanza kurusha kutoka mbali, akapewa mirusho mitatu. Njia ya pili ina hatari iliyo wazi. Kocha achague yoyote ile, ikimwendea vibaya, shabiki atasema, "Angalifanya ile nyingine!" Lawama ambayo humpata mtu kwa vyovyote vile haitufundishi lolote kuhusu uamuzi wake. Hutufundisha tu kwamba timu imeshindwa, jambo ambalo ubao wa alama umeshalitangaza.

Isitoshe, kocha anayajua mambo ambayo shabiki hayaoni au huyasahau. Mchezaji akitimiza madhambi 5 hutoka asirudi tena. Kwa hivyo nyota mwenye madhambi 4 anayeketishwa katika robo ya tatu huenda anahifadhiwa kwa ajili ya robo ya nne. Nafasi za kuomba mchezo usimamishwe zina hesabu: 2 katika nusu ya kwanza na 3 katika nusu ya pili, na katika dakika 2 za mwisho haziruhusiwi kuzidi 2. Anayelalamika kwamba kocha hakusimamisha mchezo wapinzani walipofunga vikapu vitatu mfululizo hana budi kujiuliza kama nafasi ile haikuwa ikiwekwa akiba. Yupo pia mchezaji aliyeteguka kifundo cha mguu mazoezini, na habari zake hazikutangazwa kokote.

Zana ya pili inatokana na fasihi. Shabiki huisoma mechi kama msomaji asomavyo riwaya. Anatafuta msuko wenye mwanzo, mgogoro, taharuki na kilele, na kilele chenyewe anakiweka katika dakika ya mwisho. Humo ndimo anamomtafuta mkosaji. Lakini ubao wa alama haujui kilele. Mrusho huru uliokosewa katika dakika ya tatu una thamani sawasawa na uliokosewa sekunde ya mwisho: alama moja, si zaidi. Mechi iliyopotea kwa alama 2 katika dakika 40 ilipotea mahali pengi mno. Ilipotea katika mpira ulioponyoka mikononi robo ya kwanza, katika mlinzi aliyechelewa hatua moja robo ya pili, na katika kikapu cha wazi kilichokosewa robo ya tatu. Ndiyo maana nashikilia kwamba ushinde wa alama chache ni shahidi dhaifu kuliko wote dhidi ya kocha, ingawa ndio unaoibua kelele nyingi kuliko wote. Timu iliyoshindwa kwa alama 30 ina jambo la kueleza. Timu iliyoshindwa kwa alama 2 huenda ilitayarishwa vyema na ikakosa bahati. Hata AfroBasket ile ya Yaoundé na Kigali yatuonya: mpira wa Ongwae ungaligonga ukingo ukatoka nje, tungalisema nini kuhusu maamuzi ambayo leo tunayasifu?

Nimesikia hoja ya wanaopinga mjadala huu kabisa. Wao hukimbilia methali: nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kocha ni mmoja, wanasema, mashabiki wanyamaze. Siafikiani nao. Methali hiyo inawahusu wanaoshika usukani, na mashabiki si manahodha bali abiria. Abiria hashiki usukani, lakini ana haki ya kuuliza chombo kinaelekea wapi, hasa ikiwa chombo chenyewe kimepewa jina la nchi yake. Tena, ni ajabu kwa mwanafunzi wa fasihi kusema kwamba mtendaji asihojiwe. Hatumwombi mwandishi ruhusa ya kuihakiki riwaya yake, wala hatusemi kwamba ni mwandishi wa riwaya pekee anayeweza kubainisha riwaya mbovu. Uhakiki wa asiyetenda ni halali. Swali ni kama uhakiki huo una kigezo.

Napendekeza vigezo vitatu. Kwanza, tuuhukumu uamuzi kwa yale yaliyojulikana ulipofanywa, si kwa yale yaliyojulikana filimbi ya mwisho ilipolia. Pili, anayelaumu ataje njia mbadala iliyokuwapo kweli, pamoja na hatari zake. Kusema "kocha alikosea" bila kusema angefanya nini ni kulalama, na malalamiko si hoja. Tatu, tutafute mwenendo badala ya tukio. Kocha ambaye katika mechi tano mfululizo huwachosha wachezaji wale wale watano hadi miguu ikawakatika robo ya nne anastahili kuulizwa maswali makali, awe ameshinda au ameshindwa. Naam, hata akishinda! Uamuzi mbaya uliookolewa na bahati ungali uamuzi mbaya, na shabiki mwaminifu ndiye anayeusema wakati wenzake wanacheza ngoma.

Kuna jambo jingine ambalo vigezo hivi vitatusaidia kuliepuka. Liz Mills alikuwa mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya wanaume katika AfroBasket. Mwaka uliofuata, 2022, akiwa na AS Salé ya Moroko, akawa mwanamke wa kwanza kuwa kocha mkuu katika ligi ya BAL. Mwanamume akishindwa kwa alama 2, huambiwa ameshindwa yeye. Mwanamke akishindwa kwa alama izo hizo, wapo watakaosema wameshindwa wanawake. Hoja kama hiyo haipiti hata kigezo kimoja kati ya vile vitatu: haisemi lolote kuhusu kilichojulikana, haitoi njia mbadala na haioneshi mwenendo wowote uwanjani. Kuiacha ipite bila kupingwa katika mabaraza yetu ni kuupa ubaguzi joho la utaalamu.

Mfano wa mbali kidogo utatuonesha jinsi matokeo yanavyoweza kutupumbaza. Tarehe 20 Julai 2024, jijini London, Sudan Kusini ilicheza na Marekani mechi ya kirafiki ya kujiandaa kwa Michezo ya Olimpiki. Kufikia mapumziko Sudan Kusini ilikuwa ikiongoza kwa alama 58 kwa 42. Marekani ilinusurika kwa alama 101 kwa 100, baada ya LeBron James kufunga zikiwa zimesalia sekunde 8. Ushinde huo wa alama moja ulipokelewa na mashabiki wa Sudan Kusini kama sherehe, na kocha wao Royal Ivey akasifiwa. Upande wa washindi, kocha Steve Kerr ndiye aliyekuwa na maswali ya kujibu. Kumbe basi hatuwapimi makocha hata kwa matokeo yenyewe. Tunawapima kwa umbali uliopo baina ya matokeo na matarajio yetu. Na matarajio ni yetu sisi, si ya kocha.

Mwisho, kuna suala la lugha. Kandanda ilipata Kiswahili chake kupitia redio, na mchango wa watangazaji kama marehemu Leonard Mambo Mbotela hauwezi kusahaulika. Mpira wa kikapu haujabahatika hivyo. Wapenzi wake hubishana kwa Kiingereza na Sheng, si kwa sababu Kiswahili hakiwezi, bali kwa sababu wanaokijua hawajajitokeza kwa wingi kuutangaza na kuuchambua. Wenzangu wa chama hiki, hili ni shamba letu. Jadi yetu ina hata mfano wa nidhamu ya mabishano. Katika kujibizana kwa malenga wa pwani tangu enzi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, anayejibu aghalabu hufuata bahari na vina vya aliyemtangulia. Ili kumjibu mpinzani, sharti kwanza umsikilize hadi uzijue mizani zake. Shabiki anayetaka kumkosoa kocha naye aanze hapo: aueleze uamuzi wa kocha kwa namna ambayo kocha mwenyewe angekubali kwamba ameeleweka, kisha ndipo aubomoe.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, wahenga walisema. Methali hiyo kwa kawaida huelekezwa kwa wachezaji. Mimi naielekeza kwa mashabiki pia. Kukubali kushindwa hakumaanishi kunyamaza. Kunamaanisha kukiri kwamba -ngali- haimrudishi mchezaji uwanjani, kisha kuuliza kwa -nge- swali ambalo bado lina faida: katika mechi ijayo, tungefanya nini?