UFUNDI NYUMBANI: Gari lisiposikia tena amri

Vijana wengi wa mashule wakiona gari dogo likiongozwa kwa mbali bila waya, hudhani kwamba kazi kubwa ni kulifanya litii. Sivyo. Kulifanya liende ni kazi ya siku moja. Kazi yenye kuhitaji akili ni kuhakikisha kwamba litasimama lenyewe siku ile lisiposikia tena amri ya mwenye kuliongoza. Juma hili tutaeleza jambo hilo.

Ufundi huu si mpya. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu wa New York, katika jumba la Madison Square Garden, mashua ndogo yenye kutii amri za redio. Tarehe 8 Novemba ya mwaka uleule alipewa hati ya uvumbuzi huo, nambari 613,809. Zamani zile vyombo kama hivyo vilikuwa adimu. Leo mwanafunzi aweza kuvishika kiganjani.

Tuchukue mfano wa gari dogo la mota na batri, lenye kubeba matofali mahali tambarare. Twahitaji chombo kimoja cha mkononi na kingine cha garini. Kila chombo kina maikrokontrola, yaani chipu ndogo yenye kushika programu na kuitekeleza, pamoja na moduli ya redio. Chipu ATmega328P, ile ya bodi ya Arduino Uno, ina nafasi ya kilobaiti 32 kwa programu. Moduli nRF24L01+ hutumia masafa ya gigaherti 2.4, na ujumbe wake mmoja hubeba baiti 32 tu. Kwa amri ya "nenda", baiti chache zatosha.

Angalieni umeme. Bodi ya Uno hufanya kazi kwa volti 5, lakini moduli hiyo haivumilii zaidi ya volti 3.6 katika mguu wake wa umeme. Ipewe volti 3.3, na karibu nayo iwekwe kapasita ya mikrofaradi 10, maana inapotuma huvuta umeme kwa ghafula. Wengi hulaumu antena, kumbe moduli ina njaa.

Sasa tufike kwenye hatari. Anayeanza huandika programu hivi: kitufe kikibonyezwa, hutumwa ujumbe mmoja wa "nenda", kikiachwa, hutumwa ujumbe mmoja wa "simama". Mezani mambo huenda vizuri. Lakini fikirini: gari limepita nyuma ya ukuta mnene, au batri ya chombo cha mkononi imekwisha. Ujumbe wa "simama" umepotea njiani. Gari litafanya nini? Litaendelea, kwa sababu amri ya mwisho iliyosikika ilikuwa "nenda". Na mbele yake yupo mtoto anayeokota mpira.

Dawa yake ni hii: kimya nacho kiwe amri. Muda wote kitufe kimebonyezwa, chombo cha mkononi kitume "nenda" mara 10 kwa sekunde. Chombo cha garini, kila kipatapo ujumbe mzima, kikumbuke wakati wake. Nusu sekunde ikipita bila ujumbe mpya, kikate umeme wa mota bila kungoja kuambiwa. Ujumbe mmoja au miwili ikipotea, gari haligutuki. Ikipotea mitano mfululizo, umeme hukatika. Gari lenye mwendo wa mita 1 kwa sekunde litasogea nusu mita hivi kabla ya hapo. Basi mwendo uwe mdogo. Na mahali pa mteremko breki ni lazima.

Yako mambo matatu zaidi. La kwanza: programu yenyewe yaweza kukwama. Ndani ya ATmega328P mna saa ya ulinzi. Programu isipoigusa kwa muda uliowekwa, tuseme robo ya sekunde, chipu huanza upya. La pili: chipu inapoanza upya, miguu yake haijatoa amri yoyote. Kwa hiyo mota isiungwe moja kwa moja na chipu, bali kwa njia ya transista na rilei, na diodi iwekwe kwenye koili ya rilei. Rizista ya kilo-omu 10 iuvute mlango wa transista upande wa hasi, ili pasipo amri rilei ikae katika hali ya kukata. La tatu: moduli hii yaweza kujibu yenyewe kwamba ujumbe umefika. Jibu hilo lasema barua imepokewa. Halisemi kazi imetendeka.

Tena, anwani ya baiti 5 hutenganisha gari lenu na la jirani, lakini anwani si kufuli. Mtu mwenye moduli kama hiyo akiijua, aweza kutuma amri vilevile. Msitumie mpango huu kufungua mlango wa nyumba.

Kabla ya kulitembeza gari, liinueni ili magurudumu yasiguse chini. Bonyezeni kitufe, kisha ondoeni batri ya chombo cha mkononi huku magurudumu yakizunguka. Yakikosa kupoteza nguvu mara moja, kazi haijakwisha. Rudieni mara 20, wala msiridhike na mara moja. Halafu tieni katika programu mstari wa kuikwamisha kusudi, mwone kama saa ya ulinzi yaamka.

Mwisho, wekeni juu ya gari swichi kubwa ya mkono yenye kukata umeme wa batri, kwani vidole vya rilei vyaweza kugandana kwa joto, na hapo hakuna programu iwezayo kuvitenganisha. Mwenye kusimama karibu na gari awe na njia ya kulizima bila kuomba ruhusa ya redio.