Samaki wa mapambo: Muuzaji aulize kwanza ukubwa wa tangi

Mwekezaji mdogo anayeitazama biashara ya samaki wa mapambo huvutiwa haraka. Bidhaa hupendeza macho, duka halihitaji eneo kubwa, na samaki mchanga mwenye urefu wa kidole huweza kuuzwa kwa bei ambayo samaki wa kitoweo wa kimo hicho hawezi kuiota. Jambo lisilotajwa sana dukani ni kwamba samaki huyo atakua. Kwa maoni yetu, hapo ndipo biashara hii inapopotezea wateja wake, na muuzaji anayekataa kumpa samaki mkubwa mteja mwenye tangi dogo anajenga soko lake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa oska, samaki wa asili ya bonde la mto Amazon ambaye hupendwa kwa sababu humzoea mwenye nyumba na kumfuata kwa macho. Huuzwa akiwa na sentimita 5 hivi. Akitunzwa vizuri hufika sentimita 30. Urefu umeongezeka mara 6, lakini uzito haufuati hesabu hiyo. Kiumbe kinapokua bila kubadili umbo, urefu ukiongezeka mara 2 uzito huongezeka mara 8. Ukiongezeka mara 6, uzito huwa mara 216. Chakula anachokula na uchafu anaoutoa hupanda pia. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, ambalo wanunuzi wengi huanza nalo, hubeba lita 54 likijaa hadi ukingoni. Upana wake ni sawa na urefu wa oska mzima, kwa hiyo hata kugeuka ni taabu.

Ipo kauli iliyozoeleka kwamba samaki hukua kwa kadiri ya tangi lake. Si kweli, na imewagharimu wateja wengi. Samaki anayedumaa ndani ya tangi dogo amedumazwa na maji machafu na kukosa nafasi. Hupata magonjwa upesi na kufa kabla ya umri wake. Mteja huona maiti, hajui sababu, na huapa kutofuga tena.

Kwa wasomaji wetu wa Afrika Mashariki suala hili ni la nyumbani. Ziwa Tanganyika, linalopakana na Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ni chimbuko la samaki wa mapambo wanaotafutwa na wafugaji wa Ulaya, Marekani na Asia. Mmojawapo ni frontosa, mwenye mistari myeusi na nundu kichwani, wa jamii moja na perege. Hufikia sentimita 30 na zaidi, huishi kwa makundi, na hukomaa polepole. Wengine ni trofeusi, wadogo kuliko frontosa lakini wasiotulia: kutwa nzima hukwaruza mwani kwenye miamba na kufukuzana. Kila mwambao wa miamba una trofeusi wa rangi yake, na hawavuki kirahisi sehemu za mchanga. Kila anayekufa ovyo ughaibuni huhitaji mwingine avuliwe kwenye mwamba uleule. Hiyo ni rasilimali inayoweza kwisha.

Samaki hawa wana masharti yao. Maji ya Ziwa Tanganyika ni ya magadi, yenye pH ya karibu 9. Samaki wote hutoa amonia, na sumu yake hutegemea maji. Katika joto la nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na chini ya asilimia 1 ya amonia katika hali yake ya sumu. Yakiwa na pH 9, sehemu hiyo hupita theluthi moja. Uchafu ambao samaki wa Amazon angeuvumilia siku mbili unaweza kumwua frontosa kwa siku hiyohiyo.

Kinga ni kichujio chenye bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti isiyo na ukali huo. Bakteria hao huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea katika tangi jipya. Muuzaji anayemwuzia mteja tangi na samaki wakubwa siku moja anauza msiba. Sponji ya kichujio ioshwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kwani klorini ya bombani huua bakteria hao. Maji mapya nayo yatiwe dawa ya kuondoa klorini kabla ya kumiminwa.

Chakula nacho kina hesabu yake. Trofeusi ni mla mwani. Akilishwa nyama au vyakula vya mafuta huvimba tumbo, na ugonjwa huo ukiingia kundini huweza kulimaliza lote. Oska hupenda nyama, lakini mafuta ya ng'ombe hayamfai. Samaki wengi wa nyumbani huumia kwa kushibishwa kuliko kwa njaa.

Halafu kuna joto na umeme. Maji ya nyuzi 20 hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita, ilhali ya nyuzi 30 hubeba kama 7 na nusu. Samaki mkubwa mwenye mbio huhitaji hewa zaidi pale maji yanapokuwa na hewa kidogo. Katika miji ya mwambao wakati wa kaskazi, umeme ukikatika kwa saa kadhaa kichujio husimama, na samaki wakubwa ndio hutangulia kufa. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri si anasa bali ni bima.

Sasa tuingie kwenye daftari. Tangi linalofaa kundi dogo la frontosa ni la sentimita 150 kwa 60 kwa 60, yaani lita 540. Maji peke yake yana uzito wa kilo 540. Ukiongeza kioo na mawe unavuka kilo 600, hivyo meza ya kawaida haifai. Kubadilisha robo ya maji kila wiki ni lita 135, na kwa mwaka ni lita 7,020. Mteja aambiwe gharama hizi kabla ya kutoa fedha. Samaki ndiye kitu cha bei ndogo katika mradi mzima.

Wapo watakaosema: nikimkataa mteja, jirani atamwuzia. Ni kweli kwa siku hiyo. Lakini oska anaweza kuishi miaka 10 na zaidi, na frontosa hata 15. Kwa miaka yote hiyo mwenye samaki hai hununua chakula, sponji, vipimo vya maji na dawa, na hulipa fundi wa kusafisha tangi. Mwenye samaki aliyekufa mwezi wa tatu hanunui kitu. Faida ya mauzo ya kwanza hupatikana mara moja tu, na rahisi ghali, kama wasemavyo wahenga.

Wala mteja mwenye tangi dogo hana haja ya kutoka mikono mitupu. Ziwa Tanganyika hilohilo lina samaki wa sentimita 4 au 5 wanaoishi ndani ya makombe ya konokono na kulea watoto wao humo. Lita 54 zinawatosha.

Ushauri wetu kwa wenye maduka ni kubandika kwenye kila tangi kadi yenye urefu wa samaki akikomaa, lita anazohitaji na chakula chake. Wakubali pia kuwapokea samaki waliozidi matangi ya wateja, ili wasitupwe mitoni, kwani samaki wageni wakizaliana huko huharibu uvuvi wa wengine. Kwa anayetaka kuweka fedha katika duka la namna hii, asiridhishwe na rangi za vioo. Aombe kitabu cha vifo na cha vipimo vya maji. Mali bila daftari hupotea bila habari, na duka lisilojua limepoteza samaki wangapi mwezi uliopita halijui kama linapata faida au hasara.