Seti ya Chumbani Isinunuliwe kwa Jumla

Katika maduka ya Dar es Salaam na Mombasa siku hizi, chumba cha kulala huuzwa kwa seti: kitanda chenye droo chini yake, kabati la nguo na kabati la droo lenye kioo, vyote vya rangi moja, na mnunuzi, aghalabu kijana aliye katika maandalizi ya harusi, huvichukua vyote kwa kuwa vimefanana, ilhali havina kazi moja wala havistahiki sehemu sawa ya fedha zake.

Kitanda ndicho kivutiacho macho. Muuzaji hutwambia kwamba mvungu ni nafasi inayopotea bure. Lakini kitanda cha tano kwa sita kikiwekwa katikati ya chumba cha futi 10 kwa 10, hubaki futi mbili u nusu kila upande, na droo ya futi 2 ikishavutwa mtu hana pa kuweka mguu, sembuse kuinama. Ama kile kinachofunguliwa kwa kunyanyua godoro, atafutaye shuka moja hana budi akivuruge kitanda kilichokwisha tandikwa. Na liko kubwa kuliko hayo: samadari za wazee wetu zilisimama juu ya matendegu marefu, upepo ukapita chini ya godoro, na katika mwambao huu, ambako wakati wa masika hata viatu huota koga, kuuziba mvungu kwa mbao ni kuukaribisha unyevu ukae pamoja na jasho la mlalaji.

Kabati la nguo lina haki yake, maana kanzu na buibui hutaka kutundikwa. Walakini kanzu ndefu yahitaji kama futi 5 chini ya fimbo, na makabati mengi ya seti yamekatwa na rafu kabla ya kufika hapo. Kisha mnunuzi atazame miguu ya kabati. Kabati la ubao wa unga wa randa uliogandishwa kwa gundi, likikalia sakafu, hunywa maji kila nyumba inapopigwa deki, kona za chini zikavimba, skrubu za bawaba zikalegea na mlango ukaning'inia. La mninga, kama walitengenezavyo maseremala wa Keko, Dar es Salaam, huyastahimili hayo.

Kabati la droo, ambalo katika seti huhesabiwa kama nyongeza ya kuwekea kioo na manukato, ndilo ningelitolea fedha nyingi kuliko yote. Nguo zetu nyingi ni za kukunjwa: kanga, vikoi, vitenge na shuka; nayo makasha ya Unguja na Lamu, ya msaji uliopambwa kwa misumari ya shaba, mengi yao yalitiwa droo chini ya sanduku lenyewe. Doti ya kanga iliyofukizwa udi, ikilazwa katika droo inayofunga sawasawa, hukaa na harufu yake muda mrefu. Droo na ivutwe mpaka itoke, igeuzwe: ikiwa ubao wa chini umepigiliwa misumari tu, wala haukuingizwa katika mfuo, utaanguka kwa uzito wa nguo.

Basi mnunuzi na aulize bei ya kila chombo peke yake, achukue kitanda cha kawaida chenye chaga zilizoachana, na kinachosalia akitie katika droo za mbao ngumu. Muuzaji asiyekubali kuvitenga, aachiwe seti yake.